Hataza, Dawa na Manufaa ya Umma: Mipaka ya Sheria ya Miliki Ubunifu

Sheria ya miliki ubunifu ni jumla ya kanuni ambazo kwazo dola humpa mtu, kwa muda na kwa masharti, uwezo wa kuwazuia wengine wasitumie kitu ambacho kwa asili yake kingeweza kutumiwa na wote bila kupungua. Ndani yake mna hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake wa kiufundi. Mna hakimiliki, ambayo humlinda mwandishi, mtunzi wa muziki na msanii. Na mna alama za biashara, ambazo humwezesha mnunuzi kutambua bidhaa imetoka kwa nani. Shamba likilimwa na mmoja halilimwi na mwingine kwa wakati uleule, na ndiyo maana umiliki wa ardhi ulieleweka hata kwa watu wasiokuwa na sheria iliyoandikwa. Lakini fomula ya dawa ikitumiwa Mumbai haipungui kwa yule anayetaka kuitumia Kampala, kwa hiyo uhaba unaotokea hapo hautokani na maumbile, bali umewekwa na sheria kwa makusudi. Jambo lililowekwa kwa makusudi hudaiwa sababu, na sababu iliyotolewa tangu mwanzo ni manufaa ya umma.

Hoja inayotetewa katika mhadhara huu ni kwamba manufaa ya umma si msamaha unaoombwa baada ya haki ya mvumbuzi kukamilika, bali ni sehemu ya mipaka ya haki yenyewe. Na kwamba mipaka hiyo huwekwa au huhamishwa zaidi katika vifungu vya tafsiri, vile vikaavyo mwanzoni mwa kila sheria na ambavyo wabunge wengi huvipita haraka, kuliko katika hotuba za mikutano mikuu. Mfano utakaotumika zaidi ni dawa, kwa kuwa hapo kosa la mwandishi wa sheria huonekana upesi katika mwili wa binadamu.

Historia inaonyesha kwamba haki hizi hazikuwahi kuwa za milele wala za lazima. Venisi ilitunga sheria ya wavumbuzi mwaka 1474. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1710 iliyojitangaza kuwa ni ya kuhimiza elimu, iliwapa waandishi ulinzi wa miaka 14, ambao uliweza kuongezwa 14 mingine iwapo mwandishi bado yu hai. Na Katiba ya Marekani ililipa Bunge uwezo wa kutoa haki hizo kwa muda maalumu ili kuendeleza sayansi na ufundi. Kisha mataifa yaliyokuwa yakijenga viwanda yalichukua yaliyoyafaa na kuyaacha mengine. Uholanzi ilifuta hataza mwaka 1869 na haikuzirudisha hadi 1912, na Uswisi, ambayo leo ni makao ya baadhi ya makampuni makubwa ya dawa duniani, iliukaribia mwisho wa karne ya 19 bila sheria kamili ya hataza. Kuhusu dawa hasa, Italia ilianza kuzitolea hataza mwaka 1978 na Hispania mwaka 1992. Ni vema tarehe hizo zikumbukwe kila inapodaiwa kwamba nchi isiyolinda hataza za dawa haiwezi kuendelea.

Uhuru huo wa kuchagua ulipunguzwa sana na mkataba unaojulikana kwa ufupisho wa TRIPS, uliotiwa saini mjini Marrakesh mwezi Aprili 1994 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1995, siku lilipozaliwa Shirika la Biashara Duniani. Mkataba huo huzitaka nchi wanachama zitoe hataza katika nyanja zote za teknolojia, dawa zikiwemo, kwa muda usiopungua miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Na kwa kuwa umefungamanishwa na biashara, nchi inayoukiuka inaweza kushtakiwa na kuadhibiwa kwa ushuru juu ya bidhaa zake nyingine kabisa. Hata hivyo, maandishi yaleyale yana Ibara ya 7, isemayo kwamba ulinzi wa miliki ubunifu unapaswa kuchangia ustawi wa jamii na uchumi, na Ibara ya 8, inayozitambua hatua za kulinda afya ya umma. Yana pia njia mbili za vitendo. Ya kwanza ni leseni ya lazima, yaani kibali ambacho serikali hutoa ili mtu mwingine atengeneze bidhaa yenye hataza bila ridhaa ya mwenyewe, kwa malipo ya haki. Ya pili ni uagizaji sambamba, ambao ni kununua bidhaa halisi ya mwenye hataza katika nchi anakoiuza kwa bei ndogo na kuileta katika nchi anakoiuza kwa bei kubwa. Njia hizi zimo ndani ya mkataba, na anayezitumia hamwibii mtu.

Kwamba zinahitaji kutetewa hata hivyo kulidhihirika Afrika Kusini. Mwaka 1997 Bunge la nchi hiyo lilirekebisha sheria ya dawa ili kumwezesha waziri kuruhusu uagizaji sambamba na matumizi ya dawa jeneriki, yaani dawa zenye kiambato kilekile, kipimo kilekile na kazi ileile, ila zimetengenezwa na kiwanda kingine na kwa kawaida huuzwa kwa bei ndogo zaidi. Mwaka uliofuata chama cha watengenezaji wa dawa pamoja na makampuni yapatayo 39 walikwenda mahakamani kuipinga sheria hiyo. Ilikuwa katika miaka ambayo matibabu ya virusi vya UKIMWI kwa dawa tatu yaligharimu zaidi ya dola 10,000 za Marekani kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, katika nchi ambayo wagonjwa walihesabiwa kwa mamilioni. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba ingeliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka mchanganyiko wa dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka. Na Aprili mwaka huohuo makampuni yaliyoshtaki yakaiondoa kesi yao, baada ya wagonjwa wenyewe, kupitia kundi la Treatment Action Campaign, kuingia mahakamani na kudai maelezo ya jinsi bei zilivyopangwa. Tofauti kati ya 10,000 na 350 haikuwa gharama ya kemikali.

Mwezi Novemba 2001, mjini Doha, mawaziri wa biashara walitamka kwamba mkataba wa TRIPS hauizuii na haupaswi kuizuia nchi mwanachama kulinda afya ya umma. Tamko hilo liliacha fundo moja: leseni ya lazima ilipaswa kutumika zaidi kwa soko la ndani ya nchi inayoitoa, na nchi isiyo na kiwanda cha dawa haipati faida yoyote kwa kujipa leseni ya kutengeneza kisichoweza kutengenezwa nyumbani. Ufumbuzi ulipatikana Agosti 2003, nao uliruhusu nchi moja kutoa leseni ili dawa zitengenezwe kwa ajili ya nchi nyingine, lakini kwa masharti ambayo mtu mwenye haraka angeyaona kama dhihaka. Rwanda ndiyo iliyoyaonja. Julai 2007 iliarifu Shirika la Biashara Duniani kwamba ilihitaji pakiti 260,000 za dawa mseto za UKIMWI kutoka kwa kampuni ya Apotex ya Kanada. Kanada ikatoa leseni kwa idadi hiyo, si zaidi. Vidonge vikapaswa kutofautishwa na vile vya kawaida ili visije vikarudi katika masoko ya matajiri. Na shehena ya kwanza ilifika Septemba 2008, zaidi ya mwaka baada ya ombi. Jumla iliyoruhusiwa kwa leseni ilikuwa vidonge milioni 15.6, ambavyo kwa viwili kwa siku huwatosha wagonjwa wapatao 21,000 kwa mwaka mmoja. Kampuni yenyewe ilisema haitarudia zoezi hilo kwa utaratibu ule. Mwaka 2017 utaratibu huohuo ukaingizwa rasmi ndani ya mkataba kama Ibara ya 31 bis, na safari ya Rwanda ikabaki kuwa mfano wake wa pekee wa dawa zilizofika.

Kenya, ambayo haimo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi na kwa hiyo haina nafuu wanazopewa majirani zake, ilichagua njia ya sheria ya ndani. Sheria yake ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 iliruhusu uagizaji sambamba kwa maneno mapana. Mwaka uliofuata marekebisho mafupi, yaliyochopekwa katikati ya marekebisho ya sheria mbalimbali, yakadai ruhusa ya wazi ya mwenye hataza, nayo yakaondolewa mwaka huohuo baada ya watetezi wa wagonjwa kuyagundua na kuyapigia kelele. Maneno machache ya namna hiyo hayatangazwi kwa ngoma, na hapo ndipo ilipo hatari yake.

Hatari kubwa zaidi ilikuja mwaka 2008 kwa Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Lengo lake lilikuwa la haki, kwa sababu soko lilikuwa limejaa betri, kalamu na sabuni zilizovaa majina ya watu wengine, na mnunuzi pamoja na mwenye kiwanda wote walikuwa wakidhulumiwa. Lakini kifungu cha 2, kinachotoa tafsiri, kilieleza kitendo cha kughushi kuwa ni pamoja na kutengeneza, bila idhini ya mwenye miliki ubunifu iliyopo Kenya au kwingineko, bidhaa iliyo sawa au inayofanana kwa kiasi kikubwa na bidhaa inayolindwa. Tafsiri hiyo yastahili kusomwa polepole. Dawa jeneriki kwa maana yake ni dawa iliyo sawa na ile ya asili, kwani isipokuwa sawa haitibu. Hivyo sifa inayoifanya ifae ndiyo iliyogeuzwa kuwa alama ya uhalifu. Na lile "au kwingineko" lilivuka mpaka wa nchi, kwa kuwa hataza, kwa mujibu wa Mapatano ya Paris, ni haki ya nchi moja moja, na isiyosajiliwa Kenya haina nguvu Kenya. Kumbe kwa maneno mawili tu hataza ya Ulaya ingeweza kumnyima mgonjwa wa Kisumu dawa ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiombea hataza nchini mwake. Kifungu cha 32 kiliweka makosa, na cha 34 kikawapa maofisa uwezo wa kukamata bidhaa.

Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Desemba 2008 maofisa wa forodha wa Uholanzi walizuia shehena ya losartani, dawa ya shinikizo la damu, iliyokuwa ikitoka India kwenda Brazili na kupita tu katika nchi yao, kwa madai kwamba ilikiuka hataza iliyokuwa na nguvu Uholanzi, ingawa haikuwa na nguvu ilikotoka wala ilikokuwa ikienda. India na Brazili zilipeleka malalamiko Shirika la Biashara Duniani mwaka 2010.

Mwaka 2009 watu watatu wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliwasilisha ombi katika Mahakama Kuu mjini Nairobi, wakisema kwamba uhai wao ulitegemea dawa jeneriki na kwamba sheria hiyo ilitishia kuzikata. Serikali ilijibu kwamba sheria ilikuwa na nyongeza inayolinda vifungu vya Sheria ya Mali ya Viwanda, kwa hiyo dawa halali zisingeguswa. Hukumu ilisomwa tarehe 20 Aprili 2012 na Jaji Mumbi Ngugi, na nguvu yake haiko katika huruma bali katika usomaji. Jaji aliona kwamba sheria hiyo, kwa muundo wake, ilielekea kulinda haki za wenye miliki ubunifu zaidi kuliko kumkinga mtumiaji dhidi ya dawa mbaya. Kwamba tafsiri yake ilichanganya dawa jeneriki na dawa bandia. Na kwamba haistahili uhai wa mtu, utu wake na afya yake, vinavyolindwa na Ibara za 26, 28 na 43 za Katiba ya mwaka 2010, vitegemee jinsi ofisa wa forodha au mwenye hataza atakavyoyafasiri maneno yenye utata. Akatamka kwamba vifungu vya 2, 32 na 34, kwa kadiri vinavyozigusa dawa jeneriki, vinatishia haki hizo, na akaitaka serikali ikiangalie upya kifungu cha 2. Kwa maneno mengine, mzigo wa kuandika waziwazi aliutua juu ya dola, akamwondolea mgonjwa kazi ya kubahatisha.

Hukumu hiyo inahitaji kueleweka vizuri, kwa sababu wapo wanaoidhania kuwa ni ushindi wa dawa mbovu. Makundi matatu hayana budi kutenganishwa: dawa ya kughushi, ambayo hudanganya kuhusu kilichomo au ilikotoka, dawa isiyofikia kiwango, ambayo mtengenezaji wake ni halali lakini kazi yake ni mbovu, na dawa inayobishaniwa hataza, ambayo yaweza kuwa bora kabisa, na ugomvi wake ni wa fedha kati ya wafanyabiashara wawili. La kwanza na la pili ni kazi ya mamlaka ya dawa na maabara. La tatu ni kazi ya mahakama za madai. Shirika la Afya Duniani lilikubali mgawanyo huo mwaka 2017, likaliondoa suala la miliki ubunifu katika maelezo yake ya dawa duni na za kughushi. Polisi anayetumwa bohari kwa jina la afya, akakamata dawa ya kundi la tatu, hajamlinda mgonjwa yeyote.

India nayo iliufikia mpaka huohuo kwa upande mwingine, ule wa kusajili. Sheria yake ya mwaka 1970 haikutoa hataza kwa dawa yenyewe bali kwa njia ya kuitengeneza tu, na chini ya kivuli hicho viwanda vyake vya jeneriki vilikua. TRIPS ilipoilazimisha kubadilika mwaka 2005, Bunge liliweka kifungu cha 3(d), kinachokataa hataza kwa umbo jipya la kitu kinachojulikana isipokuwa umbo hilo liwe limeongeza ufanisi. Kampuni ya Novartis ilinyimwa kwa msingi huo hataza ya umbo la fuwele la imatinibu, dawa ya saratani ya damu iuzwayo kwa jina la Glivec, na tarehe 1 Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya India iliitupa rufaa yake, ikisema kwamba ufanisi wa dawa ni ule wa kutibu, wala si urahisi wa kuihifadhi au kuichakata kiwandani. Mchezo uliozuiwa hapo ni wa kurefusha hataza kwa kuongeza juu yake hataza ndogondogo za umbo, chumvi au kipimo, kila moja ikianza kuhesabu miaka 20 yake. Ufilipino iliingiza kanuni ya aina hiyo katika sheria yake mwaka 2008. Nchi yoyote yaweza kufanya hivyo, kwa kuwa TRIPS haikueleza uvumbuzi ni nini.

Katika vitabu mambo ni tulivu zaidi, ingawa hesabu ni ileile. Mapatano ya Berne huweka kima cha chini cha hakimiliki kuwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, kima ambacho Tanzania imekifuata, ilhali Ulaya imepandisha hadi 70. Kazi za mwandishi aliyefariki mwaka 1962, kama Shaaban Robert, kwa kipimo cha 50 huingia katika mali ya umma mwanzoni mwa 2013, na kwa kipimo cha 70 husubiri hadi 2033. Na miaka hiyo 20 ya nyongeza haiwezi kumhimiza marehemu kuandika hata ubeti mmoja zaidi.

Upande wa pili una hoja yake, nayo haipaswi kudharauliwa. Utafiti wa dawa ni ghali, majaribio mengi hushindwa, na anayenakili hajabeba hasara hiyo. Tatizo ni kwamba kichocheo cha hataza hufuata mfuko wa mnunuzi, hakifuati ukubwa wa maradhi. Dawa ya eflonithini iliidhinishwa Marekani mwaka 1990 kwa ajili ya malale, ugonjwa uliokuwa ukiua vijijini Kongo, Uganda na Sudan. Katikati ya muongo huo mtengenezaji aliacha kuitengeneza kwa kuwa wagonjwa hawakuwa na fedha, na madaktari wakabaki na melasopro, iliyotokana na aseniki, ambayo yenyewe huua baadhi ya wanaodungwa. Mwaka 2000 eflonithini ikarudi sokoni Marekani kama krimu ya kupunguza nywele za usoni kwa wanawake. Ndipo, mwaka 2001, baada ya shinikizo, mtengenezaji alipokubali kuitoa tena kwa wagonjwa wa malale kupitia Shirika la Afya Duniani. Dawa iliyofuata, feksinidazo, ya vidonge vya kumeza, iliyokubaliwa Kongo mwaka 2018, ilitokana na shirika lisilo la faida, DNDi, likishirikiana na kampuni ya Sanofi, na gharama zake hazikutegemea bei ya juu ya kidonge. Anayesema hakuna njia nyingine ya kulipia utafiti hana budi kuujibu mfano huo.

Kwa Afrika Mashariki kuna mambo mawili ya tarehe na utaratibu ambayo hayasubiri nadharia. Nchi zenye maendeleo duni zaidi, zikiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zimesamehewa wajibu wa kutoa hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Uganda iliuandika msamaha huo katika Sheria yake ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2014, na kiwanda kilichofunguliwa Luzira, Kampala, mwaka 2007 kwa ushirikiano na Cipla kilijengwa juu ya nafasi hiyohiyo. Sheria ya Hataza ya Tanzania Bara ni ya mwaka 1987, imeitangulia TRIPS, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2008 kwa sababu suala hili si la Muungano. Msamaha usioandikwa katika sheria ya nchi ni vigumu kuutumia mahakamani.

Jambo la pili ni kwamba hataza nyingi haziombwi tena Dar es Salaam, Nairobi wala Kigali, bali Harare, katika Shirika la Miliki Ubunifu la Kanda ya Afrika, ARIPO. Kwa Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, ofisi hiyo ikikusudia kutoa hataza huijulisha kila nchi iliyotajwa katika ombi, na nchi hiyo ina miezi sita ya kusema kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwake; isiposema, hataza huwa na nguvu. Wizara za afya, mamlaka za dawa, vyama vya wagonjwa na kamati za Bunge zinaombwa ziulize, kila moja katika nchi yake, barua hizo hufika kwa nani, husomwa na mfamasia au na karani peke yake, na ni ngapi zilizowahi kujibiwa.